Shokapu Inakaa Kilomita Ngapi? Kukadiria Uhai wa Spea kwa Daftari la Gereji

Kila Mei, wageni wakiwa wachache na njia za mbugani zikiwa bado tope, gereji yetu hapa Arusha huagiza spea za msimu. Swali la bosi huwa moja: shokapu ngapi? Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa kazi hiyo nilifungua daftari, nikachukua shokapu zote za nyuma zilizokufa, nikajumlisha kilomita zake, nikagawanya. Ikaja kama 25,000. Nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba shokapu "inakaa elfu ishirini na tano", tukaagiza kwa hesabu hiyo. Msimu ukaisha stoo bado imejaa maboksi, na gari kadhaa uani zilikuwa zimevuka 30,000 kwa shokapu zilezile, kavu, hazivuji hata tone.

Kujumlisha na kugawanya sikukosea. Nilikosea katika kuchagua nani ahesabiwe, maana niliwahesabu marehemu peke yao. Chukua wenzako mliomaliza nao darasa la saba mwaka 2000. Wale waliokwisha kufariki, wastani wa umri wao ulikuwa miaka mingapi? Labda 28. Basi mtu aseme kwamba watoto wa darasa lile huishi miaka 28? Wewe unayesoma hapa ni pingamizi tosha. Walio hai nao ni sehemu ya hesabu, ingawa hatujui watafika wapi.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuwaingiza. Unahitaji daftari lenye kumbukumbu, kalamu, na kompyuta au simu yenye Excel au programu ya majedwali inayofanana nayo. Namba nitakazotumia ni za mfano. Nimezipanga ziwe rahisi kufuatilia kwa kalamu. Umbo lake ndilo utakalolikuta kwenye daftari lako, iwe unahesabu shokapu, betri za sola, pampu za maji au majokofu ya duka.

Hatua ya 1: Kubalianeni kufa ni nini

Hapa ndipo watu huruka, na hapa ndipo hesabu nyingi huharibikia. Shokapu haifi kama balbu. Kwenye barabara yenye migongo kama bati, mafuta yaliyomo ndani yanasukumwa huku na huko kupitia vitundu vidogo, na mtikisiko unageuka joto. Mafuta yakichemka yanakuwa mepesi, sili inakakamaa, oili inaanza kutoka kwenye fimbo. Mwanzoni ni unyevu tu wenye vumbi, baadaye ni michirizi. Sasa, imekufa siku ipi?

Fundi mmoja wa kwetu husema imekufa akiona unyevu. Mwingine hangoji macho: hupanda bampa, akaikandamiza gari, na ikidunda zaidi ya mara mbili anaandika imekufa. Kwa hiyo shokapu moja ilikuwa na vifo viwili vyenye tofauti ya kilomita elfu kadhaa, kutegemea nani alikuwa zamu. Tulipokaa chini tukaandika ukutani: imekufa ni ile yenye michirizi ya oili, au iliyochanika bushi, au inayodunda zaidi ya mara mbili. Unyevu peke yake si kifo. Kwako inaweza kuwa vingine. Mradi iwe moja na iandikwe.

Andika pia sababu. Shokapu iliyopindishwa na jiwe haikuzeeka, imeuawa. Ukiwa unatafuta uhai wa sili, hiyo uiandike kama iliyokuwa nzima hadi siku ya ajali.

Hatua ya 2: Chagua saa

Siku, kilomita, au safari? Gari inayobeba wageni kutoka uwanja wa ndege wa KIA inakula lami asubuhi na jioni. Gari ya Serengeti inakula lami kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, halafu inaanza kuteswa, na kipande cha Naabi hadi Seronera ndicho kinachomaliza kazi. Kilomita 1,000 za gari ya kwanza si sawa na 1,000 za gari ya pili.

Dawa bora ni kuhesabu kilomita za vumbi peke yake. Sisi tunamwomba dereva asome dashibodi lami inapoishia na anaporudi kuikanyaga. Wengine husahau, wengine hukisia, lakini hata makisio ya dereva mzoefu ni bora kuliko kuchanganya KIA na Seronera. Kama huwezi, basi walau tenga gari za njia moja na uhesabu peke yake. Kuanzia hapa nikisema kilomita, namaanisha kilomita za vumbi.

Hatua ya 3: Andika walio hai

Chagua tarehe moja, tuseme 31 Mei. Siku hiyo pita kwenye kila gari, pamoja na zisizo na shida yoyote, uandike shokapu yake imetembea kilomita ngapi. Weka alama 1 kwa iliyokufa, 0 kwa iliyo nzima. Ile 0 haisemi "haina habari". Inasema: hii imefika hapa na haijafa. Wataalamu wa takwimu huziita data zilizokatishwa; gerejini tunaziita wazima.

Shokapu za kushoto nyuma za gari kumi, zikipangwa kuanzia kilomita chache, kwa maelfu:

14 imekufa
19 imekufa
21 nzima
26 imekufa
28 nzima (gari iliuzwa)
31 imekufa
33 nzima
37 imekufa
40 nzima
44 nzima

Kuna mambo manne ya kuangalia kabla hujaendelea.

Gari iliyouzwa ni mzima wa 28, ilimradi haikuuzwa kwa sababu shokapu zilikuwa zinaelekea kufa. Kama bosi huuza gari anazozisikia zinadunda, basi wazima wako si wazima, ni wagonjwa waliotoroshwa, na hesabu itakudanganya upande wa matumaini.

La pili ni mapacha. Shokapu ya kushoto ikifa, fundi hubadilisha na ya kulia. Ile ya kulia iliyotolewa ikiwa salama iandike 0. Watu wengi huiandika 1 kwa sababu "imebadilishwa". Kubadilishwa si kufa. Kosa hili peke yake linaweza kukuongezea vifo mara mbili.

La tatu: gari iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na hujui shokapu zake zilianza lini, iache nje mpaka ufunge mpya.

La nne: sisi hukagua gari ikirudi Arusha. Kama ilikuwa nzima ikiwa na 36 na imekufa ikiwa na 38, sijui ilikufa wapi katikati. Naandika 37. Safari zikiwa fupi haina neno.

Hatua ya 4: Ngazi ya Kaplan na Meier

Mwaka 1958 Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, walichapisha njia ya kuhesabu wazima na wafu pamoja. Kaplan alikuwa anashughulikia uhai wa valvu za kielektroniki za vifaa vya kukuza mawimbi kwenye nyaya za simu za chini ya bahari. Meier aliingia kupitia utafiti wa tiba. Napenda kuwakumbusha mafundi kwamba hesabu inayotumika kwa wagonjwa ilizaliwa nusu yake na watu wa spea.

Wazo ni hili. Kila kifo kinapotokea, uliza: sekunde moja kabla ya hapo, walikuwa wamebaki wangapi uwanjani? Katika hao, wangapi wamevuka? Zidisha sehemu hizo moja baada ya nyingine.

Kwenye 14, walikuwa kumi, wamevuka tisa: 9/10 = 0.90.
Kwenye 19, walikuwa tisa, wamevuka wanane: 0.90 × 8/9 = 0.80.
Kwenye 21 hakuna kifo. Namba haishuki, ila mmoja ametoka uwanjani.
Kwenye 26, wamebaki saba: 0.80 × 6/7 = 0.686.
Kwenye 31, wamebaki watano: 0.686 × 4/5 = 0.549.
Kwenye 37, wamebaki watatu: 0.549 × 2/3 = 0.366.

Mzima wa 21 amefanya kazi yake: alihesabiwa uwanjani wakati wa vifo vya 14 na 19, akasaidia kupunguza uzito wa vifo hivyo, kisha akakaa pembeni bila kusingiziwa kifo.

Ukichora ngazi hiyo, inavuka nusu kwenye 37,000. Yaani nusu ya shokapu hufika huko. Linganisha na wastani wa marehemu: (14 + 19 + 26 + 31 + 37) ÷ 5 = 25.4. Daftari ni lilelile, ila tofauti ni zaidi ya kilomita 11,000. Hapo ndipo maboksi yangu ya stoo yalikotokea.

Kama unachotaka ni picha ya kumwonyesha bosi, unaweza kuishia hapa. Ngazi haikudai uamini chochote kuhusu namna shokapu inavyozeeka. Udhaifu wake ni kwamba haijui lolote kupita namba ya mwisho, na huku mwishoni, wakiwa wamebaki watatu, kifo kimoja kinaiporomosha kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Kwa maswali ya msimu unahitaji mstari.

Hatua ya 5: Mstari wa Weibull

Waloddi Weibull alikuwa mhandisi wa Uswidi, aliyezaliwa 1887. Mwaka 1951 alichapisha makala akionyesha kwamba fomula yake moja inalingana na mambo yasiyohusiana kabisa: nguvu ya chuma, uchovu wa chuma, nguvu ya nyuzi za pamba ya India, urefu wa wanaume wa Uingereza, na upana wa maharage. Ndiyo, maharage haya haya. Nilipomsimulia mama mmoja wa Tengeru anayelima maharage aliniuliza kama huyo mzungu alikuwa na kazi nyingine.

Fomula inasema: uwezekano wa kuwa hai hadi kilomita t ni

hai(t) = EXP(-((t/eta)^beta))

Eta ni kilomita ambazo asilimia 63.2 huwa zimekufa, hata beta iwe ngapi. Beta ni umbo, na ndiyo yenye hadithi. Tunazitafuta zote mbili kwa mstari ulionyooka, njia ya karatasi ya zamani, kwa sababu macho yataona kitu ambacho kompyuta haitakwambia.

Panga jedwali hivi. Mstari wa 1 ni vichwa. Mstari wa 2 uache mtupu, ila kwenye D2 andika 0. Data zianze mstari wa 3. Safu A ni kilomita, B ni 1 au 0, C ni waliobaki uwanjani (10, 9, 8, hadi 1). Kwenye D3 andika:

=IF(B3=1, D2+(11-D2)/(1+C3), D2)

kisha iburute hadi chini. Ile 11 ni idadi ya shokapu zote jumlisha moja. Ukiwa na 24, andika 25. Safu hii inatoa nafasi ya kila marehemu kwenye foleni, lakini foleni inayowaheshimu wazima. Vifo vyetu vinapata nafasi ya 1, 2, 3.125, 4.44 na 6.08. Marehemu wa tatu si wa tatu kamili, kwa sababu mzima wa 21 angeweza kufa kabla yake au baada yake. Desimali ndiyo namna ya kusema hatujui.

Sasa nakili mistari mitano ya waliokufa peke yake kwenye karatasi mpya ya jedwali (sheet), ikianzia mstari wa 3, kwa thamani si kwa fomula. Nafasi ikiwa safu ya D na kilomita safu ya A, ongeza:

E3: =(D3-0.3)/10.4 (sehemu iliyokwisha kufa; 10.4 ni idadi jumlisha 0.4)
F3: =LN(A3)
G3: =LN(-LN(1-E3))

Utapata:

| Kilomita (elfu) | Nafasi | Waliokufa | F | G |
|---|---|---|---|---|
| 14 | 1 | 0.067 | 2.639 | -2.664 |
| 19 | 2 | 0.163 | 2.944 | -1.723 |
| 26 | 3.125 | 0.272 | 3.258 | -1.149 |
| 31 | 4.44 | 0.398 | 3.434 | -0.679 |
| 37 | 6.08 | 0.556 | 3.611 | -0.209 |

Mwinamo wa mstari ndio beta: =SLOPE(G3:G7,F3:F7). Kwetu ni 2.44. Mahali unapokata mhimili ni =INTERCEPT(G3:G7,F3:F7), ambayo ni -9.05. Eta ni EXP(9.05/2.44), ila kwa desimali zote za Excel bila kukata, karibu 40.6, yaani kilomita 40,600.

Kabla ya kushangilia, chora F mlalo na G wima, uzitazame nukta. Zikilala karibu na mstari, endelea. Zikipinda kama mgongo wa nyani, mara nyingi umechanganya vitu viwili. Sisi mstari wetu wa kwanza ulikuwa na kiwiko cha wazi: mwinamo mkali mwanzoni, kisha unalala. Ikagundulika gari tatu zilikuwa za Tarangire na Manyara tu, hazikuwahi kuvuka Ngorongoro. Tulipozitenga, kiwiko kikatoweka. Programu za kukokotoa moja kwa moja zingenipa beta nzuri yenye desimali nne, na nisingejua chochote.

Jambo dogo lililonipotezea mchana mzima: kwenye Excel, ukiandika EXP(-(37/40.6)^2.44) inakupa #NUM!, kwa sababu Excel huweka alama ya kutoa kwanza ndipo inapandisha kipeo. Funga mabano mawili: EXP(-((37/40.6)^2.44)).

Hatua ya 6: Soma beta kabla ya kitu kingine

Beta chini ya 1 maana yake vinakufa vichanga. Vikivuka utoto vinadumu. Ukiikuta, usilaumu barabara. Angalia ufungaji, au spea bandia zilizochanganyika na halisi kwenye boksi moja. Kubadilisha mapema hapa ni hasara tupu, kwani unatoa kilichokwisha kuthibitika na kuweka kichanga kingine.

Beta karibu na 1 maana yake umri hauna habari. Pancha za mwiba wa mgunga ziko hivyo: mwiba hauulizi tairi ina kilomita ngapi. Hapa beba tairi za ziada na usihangaike na ratiba.

Beta juu ya 1 ni kuzeeka. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo vifo vinavyosongamana katika umri mmoja. Yetu ya 2.44 inasema shokapu zinachakaa kweli, na ratiba ya kubadilisha ina maana, ingawa vifo bado vimetawanyika.

Hatua ya 7: Ijibu gereji maswali yake

Swali la kwanza ni la mwenye duka na mtengenezaji: asilimia 10 za mwanzo zitakuwa zimekufa lini? Weka =40.6*(-LN(0.9))^(1/2.44). Jibu ni karibu kilomita 16,100. Watengenezaji wa beringi hutangaza uhai kwa kipimo hiki cha asilimia 10, wala si wastani, na wana busara. Nusu ya shokapu hufa kabla ya 35,000 hivi, karibu na ngazi ya Kaplan na Meier iliyosema 37,000. Wastani, wazima wakiwemo, ni kama 36,000.

Swali la pili ndilo la bosi: shokapu ngapi za msimu? Tuseme kila gari itakula kilomita 9,000 za vumbi kuanzia Juni hadi Oktoba. Shokapu mpya ina uwezekano wa asilimia 2.5 tu wa kufa ndani ya hizo. Lakini iliyokwisha tembea inaulizwa swali tofauti: ukijua imefika hapa, itafika kule? Gawanya hai ya mwisho kwa hai ya mwanzo, utoe kwenye 1:

=1-EXP(-(((t+9)/40.6)^2.44))/EXP(-((t/40.6)^2.44))

Wazima wetu wanne waliobaki uani wanatoa:

21: asilimia 24
33: asilimia 38
40: asilimia 46
44: asilimia 50

Jumlisha: 0.24 + 0.38 + 0.46 + 0.50 = karibu 1.6. Ongeza gari tano zilizofungwa mpya, kila moja 0.025, unafika 1.7. Kwa kona hiyo moja ya gari, tarajia vifo viwili hivi.

Usiagize mbili. Tarajio ni katikati ya mambo yanayoweza kutokea, na bahati huweza kwenda upande wowote. Nimezidisha uwezekano wa hao wanne kwa mikono: nafasi ya kufa watatu au zaidi ni karibu asilimia 17, na wote wanne ni asilimia 2. Kwa hiyo ukiwa na mbili, kwa hao wanne peke yao kuna msimu mmoja katika sita utakaopungukiwa. Ukiwa na tatu, ni nadra. Mimi ningeagiza tatu. Kwa njia yangu ya zamani ningesema gari zote zilizovuka au zitakazovuka 25,000 ndani ya msimu ziko kaburini na ningeagiza kwa ajili ya kila moja.

Swali la tatu ni gumu na ndilo lenye pesa: tubadilishe mapema, kabla haijafa? Inategemea bei ya kufia porini. Hapa Arusha kubadilisha kwa mpango ni shokapu na saa chache za fundi. Ikifa karibu na Seronera ni gari nyingine kutumwa zaidi ya kilomita 300, fundi na posho yake, wageni wamekaa kivulini wanatazama saa, na dereva anayepiga simu kila dakika kumi kukuuliza "mmefika wapi?" Tuite gharama ya mpango fungu moja, na ya kufia porini mafungu sita. Weka zako.

Ukisema "tunabadilisha kila T", basi kwa kila shokapu utalipa fungu 1 ikifika, au 6 ikifa kabla. Kilomita utakazopata kwa wastani ni jumla ya hai(t) kwa kila elfu kuanzia sifuri hadi T. Weka safu yenye 0.5, 1.5, 2.5 na kuendelea, kokotoa hai kwa kila moja, jumlisha. Gawanya gharama ya wastani, yaani 1 × hai(T) + 6 × (1 - hai(T)), kwa kilomita hizo. Nilipata mafungu kwa kila kilomita 1,000:

kubadilisha kwenye 15,000: 0.097
kwenye 18,000: 0.095
kwenye 20,000: 0.095
kwenye 25,000: 0.101
kusubiri ife: 0.167

Kilichonishangaza ni ulalo wa bonde la namba hizo. Kati ya 15,000 na 20,000 hakuna tofauti ya maana, hivyo usigombane na dereva kwa kilomita 500. Subiri gari irudi yenyewe. Lakini kusubiri ife kunakula zaidi ya mara moja na nusu ya pesa. Kumbuka hata hivyo kwamba haya yamesimama juu ya ile 6. Kwa gari ya KIA, ambayo shokapu ikifa inajikokota hadi gereji, gharama zinakaribiana na ratiba haina kazi.

Hatua ya 8: Pima ujinga wako

Tuna vifo vitano tu. Kuna kipimo cha haraka cha kujua beta inaweza kuyumba kiasi gani: =EXP(1.28/SQRT(5)), inayotoa 1.77. Gawanya beta kwa hiyo, kisha zidisha. Kwetu ni kati ya 1.4 na 4.3, na hata hapo ni kwa uhakika wa mara tisa katika kumi, si kiapo. Kwenye 1.4 ratiba ya kubadilisha mapema ina faida ndogo, kwenye 4.3 ni lazima. Ukiwa na vifo 20 ungepata kati ya 1.8 na 3.2. Vinavyobana namba ni vifo, si idadi ya gari. Gari hamsini zenye vifo vitatu zinakuambia machache kuhusu umbo, hata kama zinakuambia kwamba spea ni imara.

Kwa sababu hiyo sipendi kusoma mstari mbali zaidi ya pale data zilipofika. Shokapu yetu ya mbali kabisa ina 44,000. Mtu akiniuliza kuhusu 80,000, namwambia sijawahi kuwa huko.

Tangu nianze, tarehe ya mwisho ya kila mwezi napita uani na daftari, nasoma dashibodi, nasahihisha kilomita za wazima, na ile iliyokufa nageuza 0 yake kuwa 1. Mafundi wamezoea, wengine wananiita mhesabu sensa.

Juzi nilienda dukani kwa Mangi kuchukua zile tatu. Maboksi yalikuwa na rangi mpya na maandishi tofauti kidogo.

"Mangi, hizi ni zilezile?"

"Zilezile bosi wangu, boksi tu ndilo limebadilika. Hizo ukifunga unazisahau."

Nikalipa. Nilipofika gerejini nikafungua ukurasa mpya.